Jeki ya DC haikai sawa kwenye boksi, plagi inaingia nusu tu. Nakosea wapi?

ampea_tatu:

Habari zenu wakuu. Nimetengeneza amplifaya ndogo ya spika mbili, inatumia volti 12 na ukiipiga kwa nguvu inavuta kama ampea 3 hivi. Bodi nimechora mwenyewe kwenye KiCad, ile programu ya kompyuta ya kuchora bodi, nikaagiza bodi 6, ikiwa mezani inafanya kazi safi kabisa haina tatizo lolote. Shida imeanza nilipoiweka kwenye boksi.

Jeki ya kuingizia umeme niliyotumia ni ile ya kawaida ya kuchomelea kwenye bodi, nje mm 5.5 na pini ya kati mm 2.1. Uso wa jeki nimeulinganisha na ukingo wa bodi, boksi ni la plastiki ukuta wake mm 2.5, na bodi nimeiacha nyuma ya ukuta kama mm 1 ili iingie kirahisi. Kwenye ukuta nimetoboa tundu la duara mm 8. Sasa nikichomeka plagi inaingia lakini haifiki mwisho, ukiigusa kidogo muziki unakatika, na baada ya kama nusu saa plagi inapata moto mpaka unaogopa kuishika.

La pili ni kwamba kati ya bodi 6 hakuna mbili ambazo jeki imekaa sehemu moja, moja imelala kushoto, nyingine imeinama mbele, kwahiyo tundu la boksi hili halikubali bodi ile. Moja niliilazimisha nikakaza skrubu, kesho yake pedi ya shaba, pale mguu unapochomelewa, imebanduka kwenye bodi.

Kabla sijaagiza bodi zingine nataka nijue, nyie mnapimaje hivi vitu mpaka plagi, tundu na bodi vinakutana? Nina kalipa, tupa, drili na printa ya kawaida ya karatasi. Na kuna mtu ananiomba nimtengenezee kubwa yenye kuingiza umeme wa ukutani moja kwa moja, soketi zile za waya wa kompyuta, hiyo nayo nataka kujua inatobolewaje.

---

tupa_bapa:

Mkuu mahesabu yako yenyewe yanakujibu. Ukuta mm 2.5, nafasi mm 1, jumla uso wa jeki uko mm 3.5 ndani ya boksi. Plagi nyingi za 5.5 kile chuma chake kina urefu wa mm 9.5 hivi. Tundu lako ni la mm 8, mwili wa plastiki wa plagi ni mnene kuliko hapo kwahiyo unagota kwenye ukuta, inayoingia ndani ya jeki ni mm 6 tu. Yale mabati ya ndani ya jeki yanashika ncha ya plagi badala ya kushika shingo, mgusano unakua mdogo, ampea 3 zinapita kwenye kijisehemu kidogo na ndio hilo joto unalolisikia. Usiendelee kuipiga hivyo, plastiki ya jeki italainika na ikishalainika hata ukisahihisha vipimo haishiki tena.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza utoboe tundu kubwa mwili wa plagi upite, mm 11 au 12, inafanya kazi lakini vumbi linaingia na plagi haina kitu cha kuiegemea. Ya pili ambayo mimi ndio naifanya siku zote, sogeza jeki mbele ili pua yake itokeze nje ya ukingo wa bodi na ipite ndani ya ukuta, uso wake ukae sawasawa na uso wa nje wa boksi au urudi nyuma nusu mili isizidi. Hapo tundu sio la duara tena, ni la mstatili kufuata mwili wa jeki. Pima mwili na kalipa, mara nyingi upana ni mm 9 na kimo mm 11, halafu ongeza 0.2 kila upande. Yani 9.4 kwa 11.4. Ukiongeza zaidi inacheza, ukipunguza ndio unakuja kulazimisha kama ulivyofanya.

Toboa kwanza kwa biti ndogo kuliko, halafu malizia na tupa bapa, kila ukipitisha tupa mara nne tano jaribu jeki yenyewe ikiwa mkononi. Plastiki ukishaitoa hairudi.

Ila kabla hujachora upya hakikisha bodi ina pa kupitia. Kama boksi ni kipande kimoja bodi lazima iingie imeinama, pua ianze kwenye tundu ndio nyuma ishuke kwenye skrubu. Nimeshaona mtu ana vipimo vyote sawa halafu bodi haiingii kwenye boksi hata kwa dua.

---

mama_pedi:

Nakubaliana na tupa_bapa kwa upande wa boksi, mimi niongelee upande wa bodi maana kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza vitu vilivyokufa na nadhani jeki za chaji ndio zinazokuja nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Ndugu yangu solda haijaumbwa kubeba mzigo. Solda inapitisha umeme. Kila mtu anapochomeka plagi anasukuma, anapochomoa anavuta, akikanyaga waya anapindua, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye miguu mitatu ya jeki. Ukiwasha taa ukaiangalia kwa lenzi utaona kuna mstari mwembamba wa mviringo umezunguka mguu, kama pete, solda imepasuka kwenye shingo. Unaonekana umeshika ila haujashika. Ukipitisha pasi ya solda mara moja inapona miezi miwili halafu inarudi vilevile, kwasababu kilichoipasua bado kipo.

Kwahiyo skrubu za kufunga bodi zilete karibu na jeki, moja kushoto moja kulia, sio zote nne kwenye pembe za mbali. Hapo mtu akisukuma plagi nguvu inatoka kwenye jeki inaingia kwenye skrubu inaingia kwenye boksi, njia fupi. Na nyuma ya jeki kama boksi umelichora mwenyewe weka kiukuta kidogo jeki iegemee.

Kuhusu kila bodi kukaa kivyake, nikuulize, matundu ya miguu ya jeki kwenye bodi ni ya duara au ya mfereji? Miguu ya hiyo jeki ni bapa, karibu mm 3 kwa upana na haifiki mm 1 kwa unene. Ukiichimbia duara la mm 3.5 ule mguu bapa unaelea humo ndani kama kijiti kwenye bomba, unaweza kwenda huku na kule na solda inaugandisha popote ulipoukuta. Badili iwe mifereji. Kwenye KiCad pedi ina chaguo la tundu refu, weka mfereji mpana kuliko mguu kwa 0.2 hadi 0.3 basi. Na kumbuka hicho kipimo ni cha tundu likishapakwa shaba ndani, sio la biti.

---

ampea_tatu:

Ni ya duara kweli dada, nilichukua mchoro niliokuta umeshachorwa na mtu sikuangalia. Asanteni sana. Sasa swali, hata nikiweka mifereji bado kuna uchezaji wa robo mili, na boksi nalo lina uchezaji wake, ntajuaje kwamba vyote vitakutana?

---

waya_mwekundu:

Hapo umegusa penyewe. Mimi nimehangaika na hili miaka, nikuambie kilichonisaidia.

Usipime kuanzia ukingo wa bodi. Ukingo wa bodi unakatwa na mashine baada ya matundu kuchimbwa, viwanda vingi vinakuambia uko sahihi ndani ya 0.2 kuja au kwenda. Matundu yenyewe kwa yenyewe yana usahihi mkubwa kuliko huo. Kwahiyo chagua tundu moja la skrubu, lile lililo karibu na jeki, hilo ndio mwanzo wa kila kipimo, kwenye bodi na kwenye boksi. Toka hilo tundu mpaka katikati ya jeki ni kiasi gani, toka kinguzo cha boksi kinachopokea skrubu hiyohiyo mpaka katikati ya tundu la ukutani ni kiasi gani. Namba hizo mbili zikifanana umemaliza. Ukipima bodi kutoka ukingo wa kushoto na boksi kutoka ukuta wa kulia kila kosa dogo linapanda juu ya mwenzake.

Halafu hilo tundu la mwanzo lifanye libane, skrubu ya M3, yani ya mm 3, ipewe tundu la mm 3.2. Yaliyobaki yape 3.5 au yafanye marefu kidogo, yawe na uhuru. Ukiyabana yote manne bodi haina pa kwenda ikikuta boksi limepishana kidogo, itajikunja, na bodi iliyojikunja ndio hiyo inabandua pedi.

La muhimu kuliko yote ni mpangilio wa kuchomelea. Wengi tunachomelea jeki bodi ikiwa mezani halafu ndio tunaipeleka kwenye boksi, tukikuta haifiki tunaivuta na skrubu. Geuza. Boksi liamue jeki ikae wapi, halafu ndio solda ije kugandisha uamuzi huo. Mimi nachukua boksi moja lililoharibika, nakata dirisha kwenye sakafu yake chini ya mahali jeki inapokaa, kama mm 30 kwa 30. Naweka bodi humo na jeki ikiwa haijachomelewa, nakaza skrubu, nachomeka plagi mpaka mwisho. Plagi yenyewe inainyoosha jeki. Nageuza boksi kifudifudi na kupitia lile dirisha naweka tone moja la solda kwenye mguu mmoja tu. Mmoja. Nachungulia mbele, kama jeki imeinama naweka pasi tena kwenye lile tone, nabonyeza kwa kidole kupitia plagi, sio kwenye chuma utaungua, linayeyuka jeki inakaa, natoa pasi. Ikishakubali ndio natoa bodi na kumalizia miguu miwili mezani.

Ukishamaliza mguu wa pili huwezi tena kunyoosha, kwahiyo usiwe na haraka hapo katikati.

---

mama_pedi:

Hiyo ya dirisha ni nzuri sana, naichukua.

Niongezee kuhusu pasi. Mguu wa hasi wa jeki mara nyingi umeunganishwa na shaba pana ya bodi nzima, inanyonya joto, unaweka pasi sekunde kumi solda inakaa juu kama shanga haizami. Watu wanaongeza moto mpaka bodi inageuka rangi. Usifanye hivyo, weka mikono minne ya shaba kuunganisha pedi na ile shaba pana badala ya kuzungushia yote, ila kwa ampea 3 mikono iwe minene, mimi naiweka mm 1 au zaidi. Na tumia ncha pana ya pasi kama patasi, ile ya sindano haina joto la kutosha mwilini hata ukiiweka nyuzi 400. Solda ya risasi ya 63/37, yani bati 63 risasi 37, inayeyuka nyuzi 183, isiyo na risasi inahitaji kama 217, kwahiyo na hiyo ujue unatumia ipi kabla hujalaumu pasi.

Solda iliyoshika vizuri utaiona imechungulia upande wa pili wa bodi. Geuza uangalie, kama upande wa juu tundu bado ni jeusi haijajaa.

---

kijana_wa_mita:

Samahani naingilia, mimi nimewahi kupoteza bodi 10 nzima kwa kitu cha kijinga ambacho hakuna alokitaja. Kwenye datashiti ya konekta, ile karatasi ya vipimo ya kiwandani, kuna mchoro wa matundu, mwingine umechorwa ukiangalia kwa juu na mwingine ukiangalia kwa chini, upande wa solda. Maneno yenyewe yameandikwa madogo pembeni. Nilichora kama nilivyouona, bodi zikaja, konekta ya pini 6 ikawa inaingia vizuri kabisa ila kinyume kama kwenye kioo, pini ya kwanza imekua ya mwisho. Kwenye konekta ya umeme hiyo maana yake chanya imeingia kwenye hasi. Nilijua nilipoona moshi.

Nyingine ni nafasi kati ya pini. Terminali za skrubu, zile za kubania waya, ziko za mm 5.00 na za mm 5.08, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ikiwa ni ya waya mbili haina shida, inaingia yoyote. Ya waya 12 ina nafasi 11, kila moja imezidi 0.08, mwisho umekosa karibu mm 0.9 na hapo haiingii hata kwa nyundo. JST XH, konekta ndogo ya waya, nayo ni 2.5 kamili, watu wanaichora 2.54.

Siku hizi kabla ya kuagiza naprinti bodi kwenye karatasi ukubwa wake halisi, asilimia 100, toa ile alama ya kujaza ukurasa. Nachora mstari wa mm 100 pembeni, ikitoka napima na rula, kama ni 97 najua printa imenidanganya. Halafu nabandika karatasi kwenye boksi la kadibodi na konekta zote nazichoma humo na miguu yake. Kisha hiyo kadibodi naikata na kuiingiza ndani ya boksi halisi. Dakika 20 hivi, na tangu nianze sijarudisha bodi.

---

tupa_bapa:

Hiyo ya kuchoma kadibodi kila mtu aifanye, sio hiari.

ampea_tatu naomba pia upime pini ya kati ya jeki zako. Plagi ya 2.5 ikiingia kwenye jeki ya 2.1 inaingia bila malalamiko, ila inalegea na inapata moto kama huo huo unaousema. Inawezekana una matatizo mawili yanayofanana sura. Na ule mguu wa tatu wa jeki ni swichi, umeungana na hasi plagi ikiwa nje na unaachana ikiingia, usiutumie kama hasi yako kuu maana plagi ikiingia tu umejikatia umeme mwenyewe.

---

waya_mwekundu:

Nimeona hujajibiwa kuhusu umeme wa ukutani. Hapa sitaki utani kabisa na usiikate kwa haraka.

Ile soketi ya waya wa kompyuta inaitwa C14, kiwango chake ni ampea 10. Usiichomelee kwenye bodi kwa kazi yako hii, ifunge kwenye boksi na waya ziende kwenye bodi. Yenye skrubu mbili matundu yake yako mm 40 katikati kwa katikati, na dirisha lake ni karibu mm 27 kwa 20 na pembe mbili zimekatwa, ila pima ya kwako maana zinatofautiana kidogo. Ziko pia za kubonyeza bila skrubu, hizo zina vimeno vinavyoshika nyuma ya bati na kila moja imetengenezwa kwa unene wake, ya bati la mm 1.5 ukiiweka kwenye la mm 2.5 haishiki, ukiiweka kwenye la mm 1 inacheza na siku moja itatoka pamoja na waya. Kwa anayeanza chukua ya skrubu.

Kama boksi ni la chuma waya wa ethi ufungwe kwenye boksi kwa bolti yake peke yake, sio bolti inayoshika kitu kingine. Paruza rangi mpaka chuma king'ae, na alumini iliyopakwa ile rangi ya kiwandani nayo paruza, ule utando haupitishi umeme japo unaonekana ni chuma. Weka washa yenye meno, nati, halafu pima na mita kati ya pini ya ethi ya soketi na kila upande wa boksi, isome ohm karibu na sifuri. Waya wa ethi uache mrefu kuliko wa laivu na wa nyutro, siku soketi ikivutwa uwe wa mwisho kukatika. Fyuzi ikae kwenye laivu, kabla ya kitu kingine chochote. Kila kiungo nyuma ya soketi kivishwe mpira unaosinyaa kwa moto.

Kwenye bodi umeme wa ukutani na upande wa volti ndogo viachane, mimi siendi chini ya mm 6 na nafasi ikiwepo naacha 8. Na skrubu ya chuma inayoshika bodi isiwe karibu na njia ya laivu, kichwa cha skrubu ni kipana kuliko tundu lake, watu wanasahau.

Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani mwambie huyo mteja atumie adapta ya nje ya volti 12 wakati unajifunza. Amplifaya itapiga vilevile.

---

mama_pedi:

Msikilize hapo mwisho. Mimi hata leo kabla sijaiwasha mara ya kwanza nampa mtu mwingine aikague.

---

ampea_tatu:

Nimerudi wakuu, siku nne zimepita. Mteja amekubali adapta ya nje.

Nimepima plagi ya adapta yangu kwa kuichomeka kwenye pini ya biti ya mm 2.5, imeingia. Kwahiyo tupa_bapa ulikua sahihi, nilikua nalaumu boksi peke yake kumbe na plagi ni ya 2.5. Nimebadili jeki, sasa nina zenye pini 2.5.

Nimekata dirisha kwenye boksi moja nililokua nimelipasua. Kwa kua bodi za zamani bado zina matundu ya duara nikaona nizitumie kujifunzia, jeki nikaisogeza mbele kadri tundu lilivyoruhusu, nikatanua ukuta kwa tupa, nikachomeka plagi, nikaweka tone moja kupitia dirisha. Ya kwanza niliona imeinama kushoto kama nywele mbili hivi, nikaiyeyusha tena nikasukuma plagi, ikakaa. Nimefanya bodi tatu na zote tatu zinaingia kwenye boksi lolote kati ya yale matatu. Plagi bado haifiki mwisho kabisa, imebaki kama mm 2, lakini nimepiga muziki saa mbili na ni ya uvuguvugu tu.

Mchoro mpya jeki nimeipeleka mbele mm 3.2 toka ukingo wa bodi, mguu wake wa mbele kabisa uko zaidi ya mm 7 toka usoni kwahiyo bado umekaa ndani ya bodi vizuri. Miguu nimeweka mifereji, skrubu mbili nimezileta pembeni ya jeki, ya kushoto 3.2 na zilizobaki 3.5. Nimeprinti, mstari wangu wa mm 100 ulitoka 96, nikatafuta mpaka nikakuta printa inapunguza yenyewe, sasa unatoka 100. Kadibodi imeingia kwenye boksi, pua ya jeki imetokeza kwenye ukuta na nikipitisha ukucha juu yake nasikia imezama kidogo sana.

Kimebaki kitu kimoja, ile swichi ya jeki siitumii kabisa, niuache mguu wa tatu bila kuunganishwa na chochote au niuchomelee kwenye pedi tupu?

---

mama_pedi:

Uchomelee kwenye pedi tupu, na pedi uifanye kubwa. Umeme haupiti hapo ila ni mguu wa tatu wa kuishikilia jeki.